Paka dume kageuza kochi choo, harufu haitoki, naombeni msaada

Mpangaji_Tabata: Wakuu habari za jioni. Nina paka dume wa kama miezi minane, nilimchukua kwa ajili ya panya na kazi anaifanya vizuri tu hapo sina neno, ila tangu mwezi jana kochi la watu watatu kaligeuza choo. Foronya za mito nimefua mara tatu, nimemwagia Jiki, nimefukiza udi, sasa sebule inanuka udi uliokojolewa. Jua likiwaka harufu inapotea nasema afadhali, mvua ikinyesha tu inarudi kama kakojoa asubuhi hiyo hiyo. Mume wangu kahamishia msala chumbani, anasema sebuleni kuna najisi. Kochi lenyewe halina hata mwaka jamani.

kaka_mzoefu: Changanya Jiki na siki nusu kwa nusu, mimina, funga mlango. Kesho husikii harufu.

NesiWaZamu: Hasikii harufu maana atakuwa wodini. Dada usithubutu, Jiki na siki vikikutana inatoka gesi ya klorini inayounguza mapafu, na hata Jiki peke yake juu ya mkojo siyo salama kwa sababu mkojo una amonia. Ulipomwaga suuza kwa maji mengi, fungua madirisha, pakauke kabisa ndo uguse kitu kingine.

paka_watano: Hiyo ya kurudi mvua ikinyesha naijua sana. Mkojo wa paka una asidi ya yuriki, ikikauka inakuwa chembechembe ambazo maji na sabuni haviziyeyushi vizuri, hewa ikiwa na unyevu zinaanza kunuka upya. Siki kipimo kimoja na maji kipimo kimoja inasaidia kupunguza harufu ya amonia, ila inayomaliza kazi ni dawa ya vimeng'enya (enzyme), ile inayovunjavunja hizo chembechembe, ulizia maduka ya vifaa vya mbwa na paka. Kosa la wengi wanapuliza juu juu. Kama mkojo umezama mpaka kwenye sponji, dawa nayo lazima izame, loanisha kweli kweli, funika na nailoni ikae saa kadhaa au kama kibandiko kinavyosema, halafu anika. Usitumie maji ya moto wala pasi. Na ukiambiwa bakingi soda usije ukaenda kununua kostiki soda, kochi litaungua na mikono yako pia.

FundiMakochi: Mito yenye zipu toa sponji lote nje, ulikamue kwenye beseni na dawa, usilisokote litachanika. Halafu geuza kochi miguu juu, kile kitambaa cheusi cha chini kibandue upande mmoja uchungulie mbao. Nimeshafungua kochi la mteja kabadilisha sponji mara mbili na harufu ipo palepale, kumbe mbao ndo ilikunywa. Tulikwangua kwa msasa, ikakauka siku mbili juani, tukapiga vanishi.

Mpangaji_Tabata: Nitajuaje imefika wapi? Pua yangu imeshachoka, nasikia harufu hadi kwenye wali.

paka_watano: Azima ile taa ya zambarau ya dukani ya kukagulia noti. Usiku zima taa zote, mulika, penye mkojo panang'aa kinjano hivi.

vet_mtaani: Mnasafisha kochi mnamsahau paka. Dume wa miezi minane ambaye hajahasiwa anaweka mpaka wake, tena mara nyingi anasimama anarusha kwa nyuma, kwa hiyo angalia mgongo wa kochi siyo mito tu. Mpeleke akahasiwe, wengi wanaacha. Beseni lake la mchanga zoa kila siku. Ila ukimuona anachuchumaa anajikamua halafu hakitoki kitu au vinatoka vitone, hiyo achana na kochi, mkimbize kwa daktari siku hiyo hiyo, njia ikiziba dume anakufa.

Mpangaji_Tabata: MREJESHO. Nimeazima taa kwa wakala wa hapa chini, kanicheka ila kanipa. Mito haina kitu! Ni mgongo wa kochi, michirizi kama mtu kapiga bomba la maji, na ukuta nao umo, na pazia. Mwezi mzima nafua foronya za watu bure. Mgongo hauna zipu, fundi nakuja inbox. Paka anaenda kuhasiwa Jumatatu, mume wangu kasema yeye hampeleki, anamuonea huruma.

kaka_mzoefu: Mwanaume mwenzake.