Naomba ushauri: sayari isiyo na mawio wala machweo, watu wake wahesabu saa vipi?

Wakuu, salaam. Naandika riwaya ya kubuni, na sayari yangu nimeiazimia tabia za Proxima Centauri b, ile iliyogunduliwa mwaka 2016, umbali wa miaka-nuru 4.2 hivi. Huzunguka nyota yake nyekundu kwa siku 11 na ushei tu. Ikiwa karibu hivyo, huenda mvuto umeifunga: upande mmoja mchana daima, wa pili usiku daima, kama Mwezi unavyotuonyesha uso uleule. Watu wangu nimewaweka kwenye ukanda wa katikati, jua limeganda pembeni mwa anga.

Kinachonikwamisha ni saa. Sisi saa moja yetu inafuata kuchomoza kwa jua. Hawa wafuate nini? Nyota za upande wa giza zitakamilisha duru kwa siku hizohizo 11, kwa hiyo mwaka ninao. Siku ndiyo sina. Ngoma ya zamu kila kijiji? Naona kama kambi ya jeshi.

Halafu wakulima na wajuzi wa mimea: kwenye mwanga mwekundu wa ubavuni, majani niyape rangi nyeusi, au nitachekwa?