Naomba ushauri: pete ya bwana harusi, karati 9 au karati 18?

BiArusi_Desemba
Hamjambo wadau. Harusi yetu ni Desemba, kanisani, hapa hapa Nairobi. Nimezunguka Biashara Street na Moi Avenue hadi miguu imefura, na kila sonara ana lake. Mmoja ananiambia nichukue karati 9 kwa sababu ni ngumu, mwingine anasema karati 9 si dhahabu, ni shaba iliyopewa jina. Nataka pete ya mume wangu mtarajiwa: upana milimita 6, haina kito, rangi ya dhahabu ya kawaida. Ya karati 9 ni elfu 34, ya karati 18 ni elfu 68. Saizi yake ninayo. Nichukue ipi? Tafadhali tusitoke nje ya swali, wiki zinaisha na usingizi sipati.

MzeeWaNgara
Binti, nimekaa na masonara miaka mingi. Dhahabu tupu ni karati 24. Karati 18 ina asilimia 75 ya dhahabu, ndiyo maana ndani utaona muhuri wa 750. Karati 9 ina asilimia 37.5, muhuri 375. Kilichobaki ni shaba, fedha na madini mengine ya kuipa ugumu. Hao wawili kila mmoja kakupa nusu ya ukweli. Pete ipimwe kwenye mizani mbele yako, na risiti iandikwe gramu na karati. Risiti ya "pete ya dhahabu" tu haitakufaa siku ukitaka kuibadilisha. Sasa niambie, bwana anafanya kazi gani? Na saizi alipimwa na nani?

UmmuSalma_SouthC
Dada, hongera. Kwetu mwanamume havai dhahabu kabisa, dini imekataza. Mume wangu nilimvisha ya fedha, ina muhuri wa 925, mwaka wa kumi na mmoja huu. Ikifubaa naisugua kwa kitambaa laini na inarudi. Siku ya nikahi mama mkwe alilia kuliko mama yangu mzazi, hata leo sijui kwa nini. Fikiria fedha.

KijanaWaKayole
Elfu 68 kidoleni? Huyo ni mtamba wa ruracio, yaani mahari ya Wakikuyu, tena mwenye mimba! 😂

BiArusi_Desemba
Asante mzee. Yeye ni fundi wa kuchomelea, ana kibanda Kariobangi Light Industries, anatengeneza mageti na madirisha. Saizi nilimpima mimi mwenyewe kwa uzi, akiwa amelala.

ShangaziNaomi
Amelala wapi, mwanangu? Harusi si Desemba? Kabla ya kuuliza karati, muulize mchungaji wenu.

MchomeleaMageti
Mimi ni wa kazi hiyo hiyo, Kamukunji. Dada, mwanamume aliyekubali kuoa hunyoosha kidole mwenyewe akapimwa. Kwa nini umvizie usingizini?

BiArusi_Desemba
Nilitaka kumshtukiza.

MchomeleaMageti
Sidhani.

BiArusi_Desemba
Haya. Hataki kuvaa. Amesema pete na kazi yake haziendani, mimi nivae yangu inatosha. Lakini mbele ya mchungaji tulikubaliana pete mbili, alitikisa kichwa nikamwona. Na nimeshalipa elfu 30 za ile ya karati 18, sonara amesema pesa hazirudi. Kwa hiyo ataivaa. Akishavishwa mbele ya watu hataivua, namjua.

MchomeleaMageti
Nakuomba usome hii polepole. Mwaka wa pili nikiwa mwanafunzi wa ufundi, mwenzangu aliruka kutoka kwenye lori la vyuma. Pete yake ikanasa kwenye ncha ya ubao wa pembeni. Mwili ukashuka chini, kidole kikabaki juu. Nilikiokota mimi, pete ikiwa bado ndani, nikakifunga kwa leso yangu. Hospitalini hawakuweza kukirudisha. Hapo sijataja umeme: dhahabu inapitisha umeme vizuri sana, ikigusana na waya wa betri inaiva kama chuma cha kuchapia ng'ombe alama, na ngozi iko chini yake. Mafundi wengi tuliooa pete zetu ziko nyumbani, tunavaa Jumapili. Yangu iko kwenye kikombe cha chai cha marehemu nyanya yangu.

KijanaWaKayole
Basi mnunulie ya tangsteni. Ngumu, haikwaruziki ovyo, na bei iko chini.

MzeeWaNgara
Tangsteni ngumu ndiyo, ndiyo ile ya ncha za drili za kutobolea ukuta. Lakini haipanuliwi wala haipunguzwi. Kidole kikinenepa umenunua nyingine. Na ikibidi itolewe kwa dharura haikatwi kama dhahabu, inabanwa hadi ipasuke. Kazini wako wanaovaa ya silikoni, ikinasa inakatika yenyewe.

BiArusi_Desemba
Silikoni ni raba. Sitamvisha mume wangu raba kanisani.

DadaWaUmoja
Hakuna aliyesema kanisani. Dada, mimi nakuuliza kwa upendo: unaogopa nini hasa? Hii si habari ya karati.

BiArusi_Desemba
Baba yangu hakuvaa pete. Alisema inamwasha. Siku ya mazishi yake tulikuta mama mwingine mlangoni na watoto watatu, mkubwa wao ana jina la nyanya yangu kama mimi. Mama yangu alikuwa ameshika sahani ya wageni, hakuiweka chini mpaka jioni. Sasa mnaelewa.

Mchunguzi254
Wadau, tunatungiwa hadithi hapa. Mara wamekubaliana pete mbili, mara hataki. Mara saizi "ninayo", mara ni uzi wa usiku. Ikikauka anatoa mazishi na mke wa pili. Kesho tutaambiwa nambari ya kumchangia. Kulikuwa na mada kama hii humu mwaka jana.

KijanaWaKayole
Hata mimi nilishtuka hapo kwa sahani.

ShangaziNaomi
Sahani ndiyo iliyonifanya niamini. Mimi nilishika kikombe.

Mchunguzi254
Pole shangazi, sikukusudia wewe.

DadaWaUmoja
Haombi pesa, Mchunguzi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka mashahidi wawili, na kinachothibitisha ndoa ni cheti. Dada, hakikisha ndoa imesajiliwa na cheti unacho mkononi. Aliyekuwa mlangoni siku ya mazishi asingezuiwa na pete, na mama yako alipambana na makaratasi, au nakosea?

BiArusi_Desemba
Hukosei. Miaka minne. Na Mchunguzi, sikuchukii, ila jina la baba sitalitaja ili uniamini.

MzeeWaNgara
Binti, nirudi kwenye uzi wako. Ulizungusha kwenye shina la kidole, sivyo? Mafundi wana vifundo vinene. Pete itakayokaa vizuri shinani haitapita kwenye kifundo. Tena vidole hufura kukiwa na joto na hupungua kukiwa na baridi. Apimwe jioni, akiwa macho, kwa zile pete za kipimo za sonara. Na sonara muulize hivi: pesa hazirudi, sawa, je, elfu 30 zinaweza kuhamia pete ya karati 9? Wengi hukubali kabla hawajaanza kuyeyusha. Nenda kesho asubuhi.

BiArusi_Desemba
Wadau, nimerudi. Nimemwambia yote leo jioni, mpaka habari ya uzi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema aliyemfundisha kazi anashika koleo kwa vidole vitatu, na hakutaka kunieleza kwa kuwa ningemkataza kazi. Akatoa kipande cha waya wa shaba kwenye mfuko wa ovaroli, akakizungusha mwenyewe kidoleni, akakipitisha kwenye kifundo mara mbili, akasokota ncha, akanipa. Ataivaa kanisani na kila Jumapili. Nimelinganisha na uzi wangu: uzi ni mdogo sana, isingeingia mbele ya watu wote wale. Saa mbili asubuhi niko kwa sonara kuuliza karati 9.

Mchunguzi254
Weka picha ya huo waya.

MchomeleaMageti
Achana na picha. Dada, waya wa shaba ni laini, ukiutia kwenye mkoba utabonyea na kipimo kimepotea. Ubebe ndani ya kiberiti.