Chungu chenye kadi ya "zawadi, 1962": historia ya umiliki wake naitafutia wapi?

Muuliza swali (mwanafunzi wa uzamili, Uingereza)
Ndugu wanajamvi, nimepewa kazi ya kuorodhesha malikale katika stoo ya chuo, na nimekwama kwenye chungu kimoja cha Misri, chekundu chenye ukingo mweusi, ambacho kadi yake imeandikwa "zawadi, 1962" na hakuna zaidi. Msimamizi wangu anaona yatosha, kwa kuwa mwaka huo umetangulia Mkataba wa UNESCO wa 1970, unaopinga biashara haramu ya mali za kitamaduni. Mimi sijaridhika. Nianzie wapi?

Mhifadhi wa makumbusho
Kadi iache kwanza, anza na chungu chenyewe. Kigeuze chini ya taa utazame kitako na ubavu, kwa sababu wachimbaji wa zama za Flinders Petrie, mwanaakiolojia Mwingereza aliyefukua makaburi ya Naqada, kusini mwa Misri, mwaka 1894 na 1895, waliandika namba ya kaburi juu ya chombo, na namba hiyo ikisomeka hulinganishwa na madaftari ya uchimbaji. Enzi hizo vilivyofukuliwa viligawanywa kati ya serikali ya Misri na wachimbaji, nao wakawapelekea wafadhili wao mafungu, vyuo vikuu vikiwemo. Hivyo huenda chungu chako kilitoka Misri kwa kibali, kikakaa sebuleni mwa mtu miaka mingi kabla ya kufika kwenu. Tafadhali usikifute. Nimemwona msaidizi, kwa nia njema kabisa, akiondoa kwa kitambaa kibichi namba iliyokuwa ushahidi pekee.

Mtunza nyaraka
Naongezea juu ya hoja ya msimamizi. Chuo Kikuu cha Aberdeen kilinunua mnadani, mwaka 1957, sanamu ya shaba ya kichwa cha Oba, yaani mfalme, wa Benin, ufalme wa kale katika Nigeria ya leo; ununuzi ulikuwa wa wazi na wa kabla ya 1970, lakini kitu chenyewe kilikuwa kimeporwa na askari wa Uingereza mwaka 1897, na Oktoba 2021 chuo kikakirudisha Nigeria. "Zawadi" inakutajia mkono wa mwisho tu. Tafuta barua za mtoaji, wosia wake na katalogi za minada.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nimekigeuza leo: kuna tarakimu nne za wino hafifu, ila ya mwisho haisomeki.

Mhifadhi wa makumbusho
Kipige picha mwanga ukitokea ubavuni, kisha uazime kamera ya infraredi, kwani wino wa masizi huonekana vizuri kwa namna hiyo. Hata ikishindikana, kama kweli ni cha Naqada, umebakiwa na makaburi yasiyozidi kumi ya kuyapekua.