Selotepu kwenye vioo inasaidia kweli kimbunga kikija?

mgeni_wa_pwani: Wadau habarini. Tumehamia Florida juzijuzi, msimu wa vimbunga unaanza Juni 1, na kila mtu ana lake, mara bandika selotepu alama ya X kwenye vioo vyote, mara acha dirisha moja wazi eti presha isipasue nyumba. Nyumba ni ya zamani, ina gereji ya gari moja, hela ya kuunga. Nianzie wapi?

Fundi Msumeno: Selotepu achana nayo mkuu, haizuii kioo kuvunjika, sanasana vipande vinakuja vikubwa zaidi. Na dirisha wazi ndo balaa kabisa, upepo ukishaingia unalisukuma paa kutoka chini huku wa nje unalivuta juu, basi limeenda. Kama shata (vile vifuniko vya kukinga madirisha) ni ghali chukua plaiwudi nene, milimita 16 hivi, kata SASA, toboa matundu na uandike kila kipande ni cha dirisha lipi, maana onyo likishatoka madukani hutakuta hata kipande. Funga kwa bolti kwenye ukuta wenyewe, sio kwenye fremu ya dirisha.

mamaK: Mmesahau mlango wa gereji, ule mpana ndo mara nyingi unaanza kubonyea, ukishaingia ndani yale ya paa aliyosema fundi yanafuata. Na kama nyumba ni ya kabla ya 2002 ilipoanza sheria mpya ya ujenzi (walikaza baada ya kimbunga Andrew cha 1992) mwite mtu apande darini aangalie paa limeshikwa na nini kwenye kuta, misumari tu au vile vyuma vya kufungia.

Babu Bima: Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, inanunuliwa peke yake, na ile ya serikali kwa kawaida inaanza kazi baada ya siku 30, so ukingoja kimbunga kionekane baharini imekula kwako. Tena wakisema hameni, hama, mawimbi hayajali plaiwudi yako.

mgeni_wa_pwani: Asanteni sana, kesho napima madirisha. Jenereta naweza kuiwasha gereji nikiacha mlango wazi?

mamaK: Weee usithubutu!! Ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu, mnalala hamuamki. Iweke nje mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, ekzosti iangalie mbali na madirisha, ya jirani pia.