Nina kibali cha droni, lakini ndege ya kunyunyizia dawa ilipita karibu nayo sana. Naomba ushauri

MpimaMajaruba

Habari za jioni wadau. Mimi ni mpima ardhi, natumia droni kupima mashamba ya mpunga huku Mbarali. Droni imesajiliwa, kibali ninacho, barua za mteja ninazo. Naandika kwa sababu ya jambo lililonipata mwezi uliopita, ambalo mpaka leo likinijia usiku usingizi unakata.

Siku hiyo mawingu yalinikalisha hadi alasiri. Nikarusha saa 11 jioni ili nimalizie kipande kilichobaki, droni ikiwa mita 80 juu ya majaruba. Ilipofika kama mita 600 kutoka kwenye tuta nililosimama, nikasikia ngurumo upande wa mashariki. Nikatazama simu, ile programu inayoonyesha ndege zilizoko angani. Hakuna kitu. Kuinua macho, naiona ndege ndogo ya kunyunyizia dawa ya kweleakwelea inatokea juu ya miti, chini kabisa.

Kwa hofu nikabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani. Badala ya kushuka, droni ikapanda! Nilikuwa nimeipangia irudi kwa mita 120 ili ivuke nguzo za umeme, kwa hiyo ikafanya kama nilivyoiagiza: kwanza juu, ndipo irudi. Ndege ikapita pembeni yake. Kwa makadirio yangu hazikuachana hata mita 150. Sidhani kama rubani aliiona.

Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba mtendaji alitangaza tangu asubuhi kuwa jioni ndege inapiga dawa, watu wote watoke bondeni. Mimi nililala gesti mjini nikaja moja kwa moja shambani. Na kijana anayenibebea betri alikuwa katikati ya majaruba.

Wiki ijayo nina kazi ya hekta 400 bonde hilohilo. Zaidi ya kibali, nifanye nini? Na hili tukio niliripoti, au nitakuwa nimejifungia mlango wa riziki?

Kijana_wa_Uyole

Pole sana mkuu. Ila mimi sioni kosa lako. Una kibali, ulikuwa chini ya futi 400. Ndege kawaida haitakiwi kushuka chini ya futi 500. Yeye ndiye aliyeingia kwenye eneo lako.

RubaniWaMashamba

Kijana, hapo naomba nikusahihishe kwa nia njema, maana wengi wanaamini hivyo.

Ni kweli futi 500 ndicho kima cha chini kwa ndege za kawaida nje ya makazi, na futi 400 ndicho kikomo cha droni katika nchi nyingi. Hizo futi 100 za katikati ndizo zinazotutenganisha. Lakini ndege ya kunyunyizia inaruhusiwa kushuka kwa sababu kazi yake iko chini. Kweleakwelea wanarudi kulala kwenye matete jua linapozama, na sisi tunawafuata saa hizohizo. Kwa hiyo bondeni, jioni, msimu wa mpunga kujaza, ule utengano haupo kabisa.

Halafu mjue tunachokiona tukiwa ndani. Nikiwa kazini naenda kama mita 55 kwa sekunde. Jicho lione, akili itambue kuwa kile si ndege mnyama, mkono uvute, ndege iitikie: mafunzo ya urubani yanahesabu sekunde 12 na nusu. Hapo nimeshakula karibu mita 700. Droni yenye upana wa sinia, nani ataiona kutoka mita 700, jua la jioni likiwa usoni? Sheria ya kuona na kukwepa iliandikwa kwa watu wenye macho pande zote mbili. Droni haina rubani ndani, kwa hiyo wa kukwepa ni wewe uliyesimama tutani. Kila mara, hata kama mimi ndiye niliyekukuta hapo.

Na msiniambie droni ni kitu chepesi. Januari 2025, kwenye moto wa Los Angeles, droni ya chini ya gramu 250 ilitoboa bawa la ndege ya kuzima moto. Ndege ikatua salama, lakini ikaondolewa kazini wakati watu wanaunguliwa nyumba.

MpimaMajaruba, nakushukuru kwa kusema. Wengi wangenyamaza.

MnaraniMiaka26

Nimestaafu uongozaji wa ndege. Mwanangu, usijione mhalifu, lakini usijipe haraka ya kusahau pia.

Tangu Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kifungu cha 8 kinasema chombo kisicho na rubani hakiruki juu ya nchi bila idhini maalumu, na nchi ihakikishe hakihatarishi ndege nyingine. Watu wanaishika nusu ya kwanza, ile ya idhini. Kibali kinaniambia mimi wa ofisini kwamba wewe upo. Rubani wa jioni ile hakijamfikia.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuifanya safari yako ijulikane. Zungumza na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kuhusu kutoa NOTAM ya eneo lako, ile taarifa ambayo marubani huisoma kabla ya kuruka. Toa kitovu kwa nyuzi za latitudo na longitudo, nusu kipenyo, siku, saa na kimo. Hapa kwenye saa na kimo ndipo nilipoona makosa mengi maishani mwangu, nikae kidogo.

Saa za NOTAM ni za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Saa 11 jioni yako ni 1400. Niliwahi kupokea karatasi imeandikwa "kuanzia saa 3". Mwandishi alikusudia saa 3 asubuhi, ambayo ni 0600. Aliyeisoma akaelewa 0300, ambayo kwetu ni saa 12 alfajiri. Eneo likafungwa wakati hakuna mtu, na droni ikapaa muda ambao karatasi ilisema anga iko wazi. Andika UTC, na pembeni andika saa ya Afrika Mashariki kwa tarakimu nne.

Kimo nacho, usiandike "futi 400" ukanyamaza. Uwanda wa Usangu, hapo Mbarali ulipo, uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Rubani aliyeegesha chini pale, altimeta yake (kipima kimo) inasoma futi zaidi ya 3,000. Taja kimo kutoka ardhini na kutoka usawa wa bahari, vyote viwili.

Kuhusu programu ya simu: inaonyesha ndege zinazotangaza mahali zilipo kwa kifaa cha redio kiitwacho ADS-B, na zile tu ambazo mawimbi yake yanafika kwenye kipokezi. Ndege isiyo na kifaa hicho haimo. Iliyo nacho lakini iko chini nyuma ya miti, kilomita nyingi kutoka kwenye kipokezi, nayo unaweza usiione. Tumia masikio kwanza.

Na ripoti, peleka. Andika tarehe, saa, mahali, kimo, ulichofanya, na hicho kitufe. Sikuahidi kwamba hutaulizwa maswali. Lakini hicho kitufe kiko mikononi mwa watu wengi, na hawajui kwamba kinapandisha.

RamaniUnguja

Kaka, mimi napima huku Unguja, ndege ndogo za Dar na Pemba zinapita siku nzima. Hilo la kitufe lilinishtua, nikaenda kuangalia yangu: mita 100! Sijawahi kulifikiria.

Sisi tunafanya zoezi kila asubuhi kabla ya kazi. Msaidizi anapiga kelele "Ndege!", mimi nasimamisha misheni, navuta mkono wa kushoto wa rimoti hadi chini, droni inashuka hapohapo ilipo. Kurudi baadaye. Tukapima kwa saa: yangu inashuka mita 3 kwa sekunde, kutoka mita 80 ni sekunde 27. Ukichukua mwendo aliousema rubani hapo juu, ndani ya sekunde hizo anakula karibu kilomita moja na nusu. Ndiyo maana mtazamaji wangu hashiki betri wala simu. Kazi yake ni masikio na macho tu, na hukaa mbali na mimi upande ambao ndege hutokea, tukiwa na redio za mkononi. Redio za marubani ni jambo jingine, hizo usinunue ukaanza kuongea bila leseni.

Na ukiweza, punguza umbali. Mita 600 droni huioni, unaona nukta. Bora urushe na kutua mara nne.

Mkazi_wa_Muhanga

Huku Rwanda droni za kupeleka damu zinaruka tangu Oktoba 2016, na mimi naishi karibu na kituo chao cha kwanza. Zinaruka mbali kuliko macho, kwa njia zilizopangwa na kwa mawasiliano na waongoza ndege. Wewe huna kituo cha aina hiyo, una tuta na kijana mmoja. Fuata alichosema dada wa Unguja.

Kijana_wa_Uyole

Nimeelewa, na nafuta kauli yangu. Nilikuwa nahesabu futi tu.

MpimaMajaruba

Shikamoo mzee wangu wa mnarani. Asanteni wote, nimesoma kila neno mara mbili.

Leo nimefika kijijini badala ya kupiga simu. Mtendaji na bwana shamba wamenipa ratiba ya dawa: Jumanne na Jumatano jioni bonde la juu. Nimehamisha kazi yote asubuhi, kuanzia 0700 hadi 1000 saa za hapa, yaani 0400 hadi 0700 UTC (mzee, naomba unihakikie hesabu). Bwana shamba atanipigia ndege ikibadilishiwa siku. Kimo cha kurudi nimekishusha hadi mita 60 baada ya kupima nguzo ndefu kuliko zote, na misheni haivuki mita 300 kutoka nilipo.

Ombi la NOTAM nimelituma, bado sijajibiwa. Mteja ananisukuma nianze Jumatatu. Nimemwambia sianzi kabla ya jibu, amekasirika. Ripoti ya lile tukio imekwenda mchana huu, kurasa mbili, na hilo la kitufe nimeliweka aya ya kwanza.

MnaraniMiaka26

Hesabu ni sahihi. Mteja atapoa.