Nimechimbiwa kisima cha mita 41, logi (karatasi ya vipimo vya kisima) imeandikwa 70!

Wakuu, nimevumilia wiki tatu, leo natema nyongo.

Mimi kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kukagua logi za visima vya gesi huko kusini. Kule, kabla mtu hajafungua mdomo kusema kuna gesi, karatasi yenyewe inahojiwa kwanza. Kipimo cha upana wa shimo kikiwa ndani ya kesingi, yaani bomba linaloshikilia kuta za shimo, kinasoma upana wa kesingi? Kipande kilichopimwa mara mbili, mistari inalaliana? Kina cha wapimaji na cha wachimbaji kinakubaliana? Maana kuta zikibomoka, kipimo cha uzito wa mwamba kinasoma tope, na mzembe analiita tope hilo gesi. Wafaransa walishusha vipimo vya umeme kisimani Pechelbronn mwaka 1927. Mimi 2020 na ushee naandikiwa logi kwa kalamu juu ya boneti ya gari!

Kisima ni cha maji, nyumbani Buswelu, malipo kwa mita. Nilikaa kwenye kigoda chini ya mwembe nikihesabu vyuma vinavyoshuka: 14, kila kimoja mita 3. Logi imekuja na mita 70. Kumuuliza fundi, ananijibu, "Mzee wangu, vingine vilishuka ulipoenda kula." Vyuma tisa na kipande, ndani ya granaiti, kwa sahani moja ya ugali na sato?

Usiku nikafunga jiwe kwenye kamba ya nailoni nikalishusha. Kamba ikalegea mita 41.

Tabaka nazo ni vichekesho. "Mchanga, mita 0 hadi 18." Buswelu hii hii ya mawe! Nyundo iligonga mwamba mita ya 4, vumbi la kijivu likatua kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, mpaka leo hatusalimiani. Vifusi vya kila mita, ambavyo vingewaumbua, walivisukumia mtaroni kwa koleo sijavipiga hata picha. Pampu ya majaribio ilinguruma dakika 40, imeandikwa saa 24.

Halafu kichwani mwa karatasi kuna wino mweupe. Nimeiinua dirishani, chini yake linasomeka jina la kijiji kimoja cha wilaya ya Magu.

Nusu nilishalipa, nusu silipi. Ananipigia kila asubuhi kunitishia polisi. Mwenye kamera ya kushusha kisimani hapa Mwanza aje PM haraka, kabla hawajaja kung'oa pampu.