Sekunde 4 zetu zimeibiwa na refa kampa mwizi risiti

mbeba_boksi_Ohio

Wakuu, nimevumilia tangu Jumamosi usiku, sasa basi. Yule jamaa mnamjua. Simtaji, maana nikimtaja mods watanipiga ban na mimi sina akaunti ya pili. Kocha wa bata, yaani timu ya Oregon ya mpira wa Marekani wa vyuo. Yule yule.

Kwa waliokuwa wamelala: Eugene, 12 Oktoba 2024, Oregon 32, Ohio State (sisi) 31. Zimebaki sekunde 10. KUMI! Mpira tunao sisi, tuko nusu yao, tunataka kusogea kidogo tu mpigaji wetu aje apige teke la pointi 3, watu wakalale. Jamaa wanatoka kwenye taimauti, yale mapumziko mafupi. Wanarudi uwanjani. Hesabuni na mimi. Difensi, yaani wanaozuia, inatakiwa watu 11. Mimi nilihesabu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka nikapata 12. Marefa wako palepale, wamelipiwa nauli na hoteli, wanatazama ng'ombe wakipita.

Mpira ukarushwa. Mpokeaji wetu kazungukwa, pasi ikaanguka. Kitambaa cha njano cha faulo kikaruka, nikapiga kelele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Refa katangaza: watu wengi mno uwanjani, tunasogezwa mbele yadi 5. Safi! Nageuka kutazama saa.

Sita.

Nani kachukua 4? Naomba mtu mwenye akili timamu anijibu. Wao wamekosea, wao wameadhibiwa, saa imekatwa kwetu! Na usiniambie tungeikataa hiyo adhabu. Ukiikubali unapewa yadi 5, ukiikataa unabaki na pasi iliyoanguka, kote kuwili saa inasoma 6. Umevunja sheria na sheria yenyewe imekufungashia zawadi na kukusindikiza mpaka stendi.

Bado hilo ningelimeza. Kilichonichafua ni majibu yake. Waandishi wamemuuliza kuhusu yule mtu wa 12. Mtu mwenye haya angesema vijana walichanganyana kwenye kuingia na kutoka, yakaisha. Yeye katamka kwamba hali kama zile huwa wanazifanyia kazi mazoezini, na matokeo tumeyaona.

MAZOEZINI. Yaani kuna asubuhi wanaume wazima waliamka, wakafunga viatu, wakanywa uji, kocha akawaambia vijana leo somo letu ni kukosea kuhesabu.

Sekunde 4 wakuu. Ndani ya sekunde 4 mimi natoka kitandani mpaka kwenye gari siku niliyochelewa. Wazungu wamekwenda mwezini na kurudi, wameshindwa kurudisha saa kutoka 6 kwenda 10!

Nimemaliza. Sijamaliza. Watu KUMI NA WAWILI.

Kibajaji

Siti ya mbele. Karanga nani anazo?

Nyanda_wa_Geita

Nimesoma mpaka mwisho natafuta Simba ameingilia wapi. Sikukuu ya Mwalimu imeisha jana tu, dabi ya Kariakoo ni Jumamosi hii, mtu mzima analilia bata.

Kidosho

Mleta uzi, huo ni mpira wenye umbo la yai, unachezwa kwa mikono, kila baada ya hatua mbili wanasimama kuongea. Hizo sekunde 4 mlizitofautishaje na nyingine zote wanazosimama?

mbeba_boksi_Ohio

Dada Kidosho, dakika 60 za saa ya mchezo, mechi inakula saa 3 na nusu, nakubali. Ndiyo maana kila sekunde inayotembea ni mali! Sisi tulikuwa na 10. Tukaamka na 6.

Mzee_Kanuni

Kijana tulia, hiyo janja si ya bata. Super Bowl (fainali ya NFL, ligi ya kulipwa) ya Februari 2012, Giants na Patriots, Indianapolis. Zimebaki sekunde 17, Giants wakawa na watu 12 uwanjani. Mchezo ukala sekunde 8, Patriots wakapewa yadi 5 na saa ikabaki 9. Giants wakabeba kombe 21 kwa 17. NFL wakaona aibu, mwaka huo huo wakabadilisha: difensi ikijipanga na watu 12 na mpira unakaribia kuanzishwa, refa anapuliza filimbi kabla, saa haitembei. Mpira wa vyuo una kitabu chake cha kanuni, na kitabu hicho kililala miaka 12. Yule mnayemwita mwizi alisoma tu ukurasa ambao ninyi hamkuusoma.

mbeba_boksi_Ohio

Mzee shikamoo, lakini hapo unamsaidia nani?

Chuma_cha_Reli

Hahaha. Mtoa mada kasahau kipande. Baada ya hiyo faulo mlibaki na sekunde 6 na yadi 5 za bure mfukoni. Kwotabeki wenu, yule mrusha pasi, akafanya nini? Akakimbia mwenyewe, akateleza chini, saa ikasoma 0. Hilo nalo walifanyia mazoezi Oregon? Na kabla ya hapo nani alimsukuma beki mkapigwa yadi 15? Bata?

mbeba_boksi_Ohio

Usinihamishe kwenye mada. Angekuwa na sekunde 10 asingekimbia. Angetupa pasi fupi pembeni, mtu atoke nje ya mstari, saa isimame, mpigaji aingie. Kakimbia kwa sababu kashtuka. Kashtuka kwa sababu zilikuwa 6. Zilikuwa 6 kwa sababu gani? Endelea kutoka hapo mwenyewe.

Chuma_cha_Reli

Kwa hiyo sekunde 4 ndizo zilizomtelezesha. Nimekuelewa mkuu. Pole.

Boston_Mswahili

Ninyi mnalia sekunde 4, sisi Patriots tulikatwa karibu dakika 2 nzima na kocha wa Titans, mtu aliyekulia nyumbani kwetu.

Mechi ya mtoano, 4 Januari 2020, Titans wako kwetu Foxborough wanaongoza 14 kwa 13. Robo ya mwisho, zimebaki dakika sita na ushee, wanatakiwa kuturudishia mpira kwa teke refu. Hawapigi. Wanasimama wanatazama saa inavyotembea mpaka muda wa kuanza mchezo unakwisha. Faulo ya kuchelewesha, yadi 5. Refa anaweka mpira chini, saa inaanza tena kutembea! Wamesimama tena. Mara mmoja wao anatikisika kabla ya wakati, faulo, yadi 5 nyingine, saa inatembea tena. Mpaka vijana wetu uvumilivu ukawaisha, wakavuka mstari wenyewe. Kocha wetu Belichick, mzee wa sweta la kofia, alikuwa pembeni anafoka mpaka nikaogopa presha itampanda. Tulipigwa 20 kwa 13 na ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya kwotabeki wetu Tom Brady na jezi yetu. Sijawahi kupona.

Jirani_wa_Cincinnati

Boston usitufanye watoto. Huo mtego aliutega nani kwanza? Oktoba 2019, mzee wenu huyo huyo, dhidi ya Jets, anaongoza 33 kwa 0, akajichelewesha makusudi, akala faulo huku anachekelea. Mwanafunzi wake akauweka kwenye daftari akarudi nao Januari. NFL wakaziba tundu mwaka huo wa 2020, na mzee alikuwa wa kwanza kulalamika kwamba kanuni ina tundu!

Sasa ngoja mimi niwaambie uchungu. 27 Novemba 2016, Bengals tuko Baltimore kwa Ravens, tunadaiwa 19 kwa 12, zimebaki sekunde 11, wao wanatakiwa kupiga mpira mrefu kutoka kwao. Mpigaji wao hakupiga. Alikaa nyuma kule na mpira, anatembeatembea. Mbele yake kila mtu wa kwetu alikuwa amekumbatiwa na mtu wa kwao kama bibi harusi anayezuiwa asiondoke. Si mmoja, si wawili. Timu nzima! Vitambaa vya njano vimejaa chini. Saa ikaisha, jamaa akatoka nje ya mstari wa nyuma, tukapewa pointi 2, 19 kwa 14, kwaherini. Maana mechi haiwezi kuishia kwenye faulo ya difensi, lakini ya wenye mpira inaishia tu. Na ni timu hiyo hiyo, mpigaji huyo huyo, aliyefanya hivyo kwenye Super Bowl ya Februari 2013 akala sekunde 8 kati ya 12 zilizobaki. Kanuni ikabadilishwa 2017. Sisi walishatukumbatia.

Kibajaji

Sasa hapo kwenye kukumbatiwa timu nzima ndiyo nimeanza kuupenda huu mchezo.

mbeba_boksi_Ohio

Jamani uzi huu ni wa sekunde 4. Watu 12. Eugene. Turudi.

Mzee_Kanuni

Wengi hawajui, refa ana rungu. Kanuni inamruhusu, kosa likiwa la uonevu wa wazi, kutoa hata pointi. Cotton Bowl, mechi ya vyuo, ya 1 Januari 1954, Rice na Alabama. Mchezaji wa Rice, Dicky Maegle, anakimbia peke yake pembeni ya uwanja, njia nyeupe. Tommy Lewis wa Alabama yuko kwenye benchi, hachezi. Akaruka kutoka benchi bila kofia ngumu, akamwangusha, akarudi kuketi. Refa hakutoa yadi 5 wala 15. Alitoa tachidauni (bao la pointi 6), yadi 95. Rice wakashinda 28 kwa 6.

mbeba_boksi_Ohio

MZEE UBARIKIWE. Ndicho ninachosema! Mtu wa benchi kaingia 1954 refa katoa tachidauni, mtu wa benchi kaingia 2024 refa katoa yadi 5 na saa juu!

Mzee_Kanuni

Si kitu kimoja kijana.

Otis_wa_Nakuru

Nyinyi watu mko na machozi ya bei rahisi. Johannesburg, 2 Julai 2010, Ghana na Uruguay. Dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza, mpira unaingia wavuni, Suarez anaudaka kama kipa. Kadi nyekundu, penalti, Gyan anagonga mwamba, na Suarez ako pale kwa njia ya kuingia ndani anashangilia. Afrika nzima ilikuwa inaenda nusu fainali ya kwanza. Hiyo ndiyo wizi. Yadi 5 ni nini?

Nyanda_wa_Geita

Otis umenigusa kidonda. Nilivunja kiti cha shemeji siku ile.

Kidosho

Na makipa je? Kwa kanuni ya mwaka huu wa 2024, kipa asikae na mpira zaidi ya sekunde 6. Taja mechi moja ulipoona refa anahesabu. Timu ikishaongoza bao moja kipa anadaka, analala, anaukumbatia, anaamka, anatazama mawingu, anafunga kamba, anamwita daktari. Kisha refa anaongeza dakika 3!

Nyanda_wa_Geita

Kidosho sema tu unamlenga kipa wa nani, Jumamosi tukutane kwa Mkapa.

Kidosho

Sijamtaja mtu. Mwenye kipa wake anamjua.

mbeba_boksi_Ohio (Jumatano usiku)

WAMEZIBA!!! NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wametoa tafsiri mpya ya kanuni leo, katikati ya msimu! Kuanzia sasa, baada ya ile taimauti ya dakika 2 za mwisho, difensi ikicheza na watu 12 au zaidi na wote wakashiriki kwenye mchezo, tulioonewa tunapewa yadi 5 NA tunaweza kudai saa irudi ilipokuwa. Wanakubali ulikuwa wizi! Siku 4 tu! Mko wapi mlionicheka?

Chuma_cha_Reli

Hongera mkuu. Na mechi mmerudishiwa?

mbeba_boksi_Ohio

Hapana.

Kibajaji

Hahahahaha.

Shangazi_Zipora

Mimi sijui mpira wa yai wala wa mviringo. Nimeona mnaongelea kukatwa saa nikadhani ni kazini. Ghala ninalobeba boksi mimi, asubuhi ukigonga kadi saa 12 na dakika 1, mashine inakuhesabia umeingia 12 na robo. Dakika 14 zimekwenda. Jioni ukitoka 12 na dakika 14 inakuhesabia umetoka saa 12 kamili. Inarudisha nyuma wakati wa kulipa, inasogeza mbele wakati wa kukata. Nimemwambia msimamizi, kaniambia ndiyo kanuni ilivyo.

Jirani_wa_Cincinnati

Huyo msimamizi ni ndugu yake kocha wa bata.

Boston_Mswahili

Shangazi huo ni wizi wa mshahara, kuna ofisi za serikali za kazi unakwenda kushtaki bure. Piga picha kadi zako zote.

Otis_wa_Nakuru

Hiyo ni afadhali. Kwetu mashine ya vidole ikikataa kusoma kidole unaandikwa hukuja kazi. Kidole changu kimejaa saruji, itasoma nini?

Nyanda_wa_Geita

Shangazi hapo mnalipwa shilingi ngapi kwa saa? Nina mdogo wangu kafika Columbus mwezi uliopita.

Shangazi_Zipora

Dola mwanangu, si shilingi. Zamu ya usiku wanaongeza kidogo. Tatizo ni hiyo mashine tu na yule msimamizi.

Kidosho

Wanataka vyeti?

mbeba_boksi_Ohio

Hiyo zamu ya usiku Jumamosi mnapata mapumziko?